Mji Uliozama na Maji Yaliyozolewa

Wazee wetu wamenena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Leo twapenda kuwasimulia ninyi mnaotusikiliza habari za mji mmoja wa Marekani ambao watu wake hawakuwa na budi kuyazoa maji yaliyomwagika; wala hayakuwa maji ya mtungi, bali ya ziwa.

Mji huo ni New Orleans, ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Kusini yake wapita mto Mississippi, na kaskazini liko ziwa Pontchartrain, ambalo maji yake yameungana na bahari. Watu wa kwanza walijenga karibu na mto, mahali palipoinuka. Nyuma yao palikuwa na vinamasi, navyo havikufaa kukaliwa mpaka mapema katika karne ya 20, mhandisi Albert Baldwin Wood alipobuni pampu zenye nguvu nyingi. Vinamasi vikakauka, watu wakajenga. Lakini udongo wa kinamasi ukikauka hunywea na kudidimia, hata mitaa mingi ikawa chini ya usawa wa bahari. Mji ukawa mfano wa bakuli. Mvua ikinyesha, maji hayana njia ya kutoka ila yavutwe kwa pampu, yatiwe katika mifereji na kupelekwa ziwani. Mifereji hiyo ilipita kati ya nyumba za watu, nayo ilizuiwa kwa matuta ya udongo yenye kuta za saruji juu yake.

Tarehe 29 Agosti 2005 ilifika tufani iliyoitwa Katrina. Bahari ikasukumwa ziwani, na ziwa likaingia katika mifereji. Kuta zikavunjika mahali pengi. Katika mfereji wa 17th Street peke yake lilitokea pengo la upana wa futi 450 hivi. Maji yakaendelea kuingia hata yakawa sawasawa na ziwa, na sehemu nane katika kumi za mji zikafunikwa. Katika nchi zilizopigwa na tufani hiyo walikufa watu zaidi ya elfu moja, na wengi wao walikuwa wazee wasioweza kukimbia.

Sasa kazi ilianzia wapi? Haikufaa kuvuta maji kwanza, kwani maji yanayotupwa ziwani yangalirudi mjini kwa mapengo yale yale. Tena pampu nyingi zenyewe zilikuwa zimezama. Basi Jeshi la Wahandisi la Marekani lilianza kwa kuziba. Helikopta zilichukua mifuko mikubwa ya mchanga, mingine yenye uzito wa ratili 3,000 na zaidi, zikaiangusha katika mapengo, na vyuma bapa vikapigiliwa katika mdomo wa mfereji ili kulifungia ziwa nje. Tarehe 5 Septemba pengo la 17th Street likazibwa. Mahali pengine wahandisi walifanya jambo la kustaajabisha: ziwa liliposhuka chini kuliko maji ya ndani, walikata matuta kwa makusudi ili maji yatoke yenyewe. Pampu zikakaushwa na kutengenezwa moja moja, na nyingine za muda zikaletwa.

Kazi ilipokuwa imeendelea vizuri, ilikuja tufani ya pili, Rita. Tarehe 23 Septemba maji yaliruka juu ya viraka vya mfereji wa Industrial, yakaifunika tena mitaa iliyokuwa imekauka. Wahandisi wakaanza upya, hata tarehe 11 Oktoba ikatangazwa kwamba mji umekwisha kukaushwa. Zilikuwa zimepita siku 43.

Lakini yako mambo ya kuulizwa. Kuta za mifereji ya 17th Street na London Avenue hazikuvunjika kwa sababu maji yalipita juu yake. Zilianguka maji yakali chini ya kilele chake. Udongo uliozishika ulikuwa laini, na waliozipanga walikuwa wameutegemea kupita kiasi. Juni 2006 Jeshi la Wahandisi, lililozijenga, lilikiri makosa hayo mbele ya watu wote. Kukiri huko hakukuwarudisha waliokufa, bali bila ya kukiri kuta mpya zingalijengwa kama zile za kwanza.

Baadaye malango na kuta zenye nguvu zilijengwa, na mifereji ikafungwa upande wa ziwa. Tarehe 29 Agosti 2021, siku ile ile baada ya miaka 16, tufani iitwayo Ida ilipiga. Umeme ulikatika mji mzima, lakini kuta hizo zilisimama.

Hata hivyo ardhi ya mji ule yazidi kudidimia na bahari yazidi kupanda. Kwa hiyo twaona kwamba tuta si kazi ya kumalizwa mara moja. Lazima likaguliwe kila mwaka, hasa wakati wa kiangazi, wakati ambapo hakuna mtu anayeyaogopa maji.