Barua ya Gates na Mzozo wa Mashine na Programu

Februari 2026 imetimia miaka 50 tangu Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aandike barua ya wazi iliyowashutumu wengi wa wapenzi wa kompyuta kwa wizi, na mzozo uliotokana nayo waonyesha jinsi biashara ya programu, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, ilivyojitenga na ile ya maunzi, yaani vifaa vinavyoshikika.

Hapo awali IBM ilijumuisha programu katika bei ya mashine, hadi ilipotangaza mwaka 1969 kwamba itaziuza kando.

Mwaka 1975 kampuni ya MITS ya Albuquerque, chini ya Ed Roberts, ilianza kuuza kompyuta ya Altair 8800, nao Gates na Paul Allen wakaiandalia BASIC, lugha ya kuandikia programu, ambayo Roberts aliitumia kama chambo: mnunuzi wa kadi za kumbukumbu za MITS aliipata kwa bei nafuu, na asiyezinunua alitozwa zaidi. Kwa kuwa kadi hizo zilikuwa na hitilafu nyingi, watu walinunua za washindani, kisha wakaitafuta BASIC kwa njia nyingine. Steven Levy, katika kitabu chake *Hackers* cha 1984, anasimulia jinsi utepe wa karatasi uliobeba BASIC ulivyochukuliwa kwenye maonyesho ya MITS huko Palo Alto, ukanakiliwa na kugawiwa bure katika Homebrew, klabu ya wapenzi wa kompyuta, kwa sharti kwamba anayechukua mmoja arudi na miwili. Katika barua yake Gates alilalamika kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika asilimia 10, na kwamba mrabaha, yaani fungu la mtunzi katika kila nakala inayouzwa, uliwapa chini ya dola 2 kwa saa.

Levy anaegemea upande wa wanaklabu, na ni kweli kwamba bei ile iliwabana isivyo haki. Hata hivyo, watunzi walistahili ujira wao, na inasikitisha kwamba hadi leo wapo wanaolipia simu bila kusita lakini huona programu kuwa kitu cha kunakiliwa tu.

Mwaka 1977 Roberts aliiuza MITS, na usuluhishi wa mgogoro kuhusu BASIC ukaipa Microsoft, kampuni ya Gates na Allen, haki ya kumuuzia lugha hiyo yeyote. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, Microsoft ilibaki na haki ya kuwapa watengenezaji wengine leseni za mfumo endeshi wa MS-DOS, na mwaka 2005 IBM ikaikabidhi Lenovo biashara yake ya kompyuta binafsi, ilhali Apple, inayotengeneza maunzi na programu pia, bado hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na maunzi.