Nasaba ya Mahuru wa Unguja

Atafutaye nasaba ya wazee waliokuwa watumwa Unguja asianze na silsila za masharifu, kwani humo hawamo. Na aziendee kwanza daftari za uhuru zilizoandikwa baada ya amri ya Sultani Hamud bin Muhammed ya mwaka 1897, ambapo mtumwa aliomba uhuru wake na bwana akalipwa fidia. Na kwa kuwa majina kama Mabruki na Farijala yalikuwa ya wengi mno, hapana budi kulitafuta jina la bwana. Hati za wakfu nazo zina faida kubwa, maana wako mabwana waliowawekea mahuru wao nyumba ama mashamba, wao na dhuria zao. Masuria, waliotengwa na amri ile hata mwaka 1909, watafutwe katika mirathi.