Kipimo cha unene kilichomsahau kijana

Katika shule za msingi za England, mtoto wa miaka 10 au 11 husimamishwa apimwe kimo, kisha hupandishwa kwenye mizani. Utaratibu huo ulianza mwaka wa masomo wa 2005/2006, na katika maeneo mengi mzazi hupelekewa barua yenye matokeo. Jimbo la Arkansas nchini Marekani lilikuwa limekwishapitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2003. Mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amezidi uzito ana haki ya kuuliza: amezidi kuliko nani?

Swali hilo lina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa.

Mtu wa kwanza anayejulikana kufuatilia ukuaji wa mtoto mmoja tangu kuzaliwa hadi utu uzima alikuwa bwana mmoja wa Ufaransa, Philibert Guéneau de Montbeillard. Kuanzia mwaka 1759 hadi 1777 alimpima mwanawe kimo mara kwa mara, na rafiki yake Buffon akayachapisha matokeo hayo. Ndani yake yaonekana wazi jambo ambalo kila mama alikuwa akilijua bila ya hesabu: mtoto hakui kwa mwendo mmoja. Anapobalehe hurefuka ghafla, hata nguo za mwaka jana zikamwacha magoti nje.

Kipimo kinachotumika leo, hata hivyo, hakikutoka kwa Mfaransa huyo. Kilitoka kwa mwanahisabati wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, ambaye hakuwa tabibu wala hakushughulishwa na unene. Alichokitafuta ni mtu wa wastani. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alieleza kwamba kwa watu wazima uzito huenda sambamba na mraba wa kimo. Ndiyo hesabu ile ile ya sasa: gawanya kilo kwa mita za kimo zilizozidishwa kwa zenyewe. Mtu wa kilo 70 mwenye kimo cha mita 1.75 hupata takriban 22.9.

Lakini Quetelet alisema na jambo la pili, nalo likasahauliwa. Alitambua kwamba kwa mtoto anayekua kanuni hiyo haifai, kwani uzito wake huongezeka kwa kasi zaidi kuliko mraba wa kimo. Kwa maneno mengine, mwasisi mwenyewe alikwishaonya, na onyo lake likakaa kabatini zaidi ya karne moja na nusu.

Kati ya hapo kampuni za bima ya maisha za Marekani zilitawala uwanja kwa majedwali yao ya uzito unaofaa, yaliyotungwa kwa ajili ya wateja wao watu wazima. Mwaka 1972 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ancel Keys, pamoja na wenzake, waliifufua kanuni ya Quetelet na kuipa jina jipya linalojulikana kwa herufi BMI. Waliwachunguza wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja, wala mtoto. Tena waandishi hao hawakujigamba: walikiri kwamba kipimo hicho hakiridhishi kikamilifu, ila angalau si duni kuliko vingine vya aina yake.

Wakati huo huo, nchini Uingereza, daktari James Tanner alikuwa akifuata njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1971, yeye na msaidizi wake Reginald Whitehouse waliwapima watoto wa makao ya kulelea watoto huko Harpenden. Hawakutosheka na mizani. Walitumia chombo mfano wa koleo kubana mkunjo wa ngozi mgongoni na nyuma ya mkono, ili wajue mafuta yaliyo chini yake. Tanner alithibitisha kwamba watoto wawili wa miaka 13 waweza kuwa mbali sana kimwili, mmoja akiwa amekwishabalehe na mwenziwe bado. Kuwaweka katika jedwali moja la umri bila kulizingatia hilo ni kumwonea mmoja wao.

Onyo la Quetelet lilipata jibu la kimataifa mwaka 2000 tu. Tim Cole na wenzake walikusanya vipimo vya watoto na vijana wapatao 190,000 kutoka Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani, wakatoa mipaka kwa kila umri na jinsia. Kwa mvulana wa miaka 12, mpaka wa uzito uliozidi ni 21.22, si 25 ya mtu mzima. Hivyo mvulana wa umri huo mwenye kilo 50 na kimo cha mita 1.50 huhesabiwa kuwa amezidi, ingawa kwa hesabu ya baba yake yuko salama.

Msikilizaji atagundua kwamba Afrika haimo katika orodha hiyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vya watoto wa chini ya miaka 5 mwaka 2006, lilitumia watoto wa nchi sita, zikiwemo Ghana na Oman, ambako waliopimwa walikuwa wa mji wa Maskati. Lakini rejeo la mwaka 2007 la umri wa miaka 5 hadi 19 lilijengwa juu ya takwimu za zamani za Marekani, za miaka ya 1960 na 1970. Kwa hiyo binti wa Mombasa au Maskati anayebalehe leo hulinganishwa na Wamarekani ambao sasa ni wazee.

Mwaka 2022 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilishauri kwamba kuanzia umri wa miaka 5 kiuno nacho chaweza kupimwa, na kisifike nusu ya kimo. Januari 2025 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilisema BMI pekee haitoshi kumtambua mgonjwa, awe mtu mzima au mtoto. Kipimo hicho cha kiuno hakihitaji zaidi ya utepe wa fundi cherehani.