Nakshi za keris

Keris ni jambia la makali mawili lenye asili katika kisiwa cha Java, Indonesia. Hutengenezwa pia Bali, Madura, Sumatra na Sulawesi. Bapa lake hunyooka au huwa na mawimbi, yaitwayo luk, ambayo idadi yake ni witiri daima.

Pamor

Nakshi kuu ya keris ni pamor. Mhunzi, ambaye Wajava humwita empu, huunganisha motoni matabaka ya chuma cha kawaida na chuma chenye nikeli, huyakunja na kuyafua tena na tena, kisha huyabana pande mbili za kiini cha chuma cha pua. Tupa inapokula chuma, matabaka hujitokeza. Mwisho bapa huoshwa kwa maji ya ndimu na aseniki: chuma hugeuka cheusi, nikeli hung'aa kama fedha. Kwa kuwa mchoro umo ndani ya chuma chenyewe, bapa la kale lililofifia hurudisha nakshi likioshwa upya. Wajava wengi huosha keris zao mwezi wa Suro, yaani Muharamu, Mfunguo Nne wa Waswahili.

Mitindo ya pamor ina majina ya kijijini. Wos wutah, "mchele uliomwagika", ni madoa yaliyotawanyika, nayo huhesabiwa ishara ya riziki. Blarak ngirid ni mistari inayoshuka kutoka katikati hadi kwenye makali, kama majani ya kuti la mnazi. Chuma chenye nikeli hupatikana hata katika vimondo, na kimoja kilianguka karibu na Prambanan, Java. Katika karne ya 18 chuma chake kilipelekwa kasri la Surakarta na kutumiwa kwa pamor.

Joka na dhahabu

Baadhi ya keris huchongwa naga, joka ambaye kichwa chake kipo shinani mwa bapa na mwili hufuata mawimbi kuelekea nchani. Pambo la dhahabu juu ya chuma huitwa kinatah. Kwa mapokeo, Sultan Agung wa Mataram, ufalme wa Java (1613–1645), aliwatunuku mashujaa wake kinatah ya tembo na simba.

Urithi

Hekalu la Sukuh huko Java, la karne ya 15, lina mchongo wa mashujaa wa tenzi za Kihindi: Bhima akifua silaha na Arjuna akivukuta. UNESCO iliitangaza keris kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mwaka 2020 Uholanzi iliirudishia Indonesia keris ya Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi 1825–1830. Bapa lake lina naga mwenye mabaki ya dhahabu.