Kabla Hujapanda Farasi, Mchague Mwalimu

Bintiyangu alikuwa na miaka tisa alipoangushwa na farasi. Ilikuwa Jumapili jioni, maji yamekupwa na ufuo umejaa watu. Nilimlipa kijana mmoja aliyejiita mwalimu, akampandisha mtoto na kumwambia maneno mawili tu: "Shika hapa." Hakumwonyesha namna ya kumsimamisha mnyama. Mbwa akabweka, farasi akatoka mbio, na mtoto akadondoka mchangani akavunjika mkono.

Mfupa uliunga baada ya wiki chache, alhamdulillah. Kilichobaki ni khofu. Yule kijana alicheka akasema, "Atazoea." Hakuzoea. Mwaka mzima, akiona farasi hata kwenye runinga, aligeuza uso.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ambaye humwuliza muuza samaki maswali kumi kabla ya kununua changu mmoja, sikumwuliza swali hata moja mtu niliyemkabidhi mwanangu. Tangu siku hiyo nimejifunza kupanda mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 43, na nimepitia walimu watatu. Wazazi kadhaa wameniuliza nianzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kupandishwa si kupanda

Sisi watu wa Pwani hatukulelewa na farasi. Mnyama wetu ni punda, na mtu wa Lamu hahitaji kuambiwa hilo. Maradhi yanayoletwa na mbung'o ni miongoni mwa mambo yaliyomzuia farasi kuenea sehemu nyingi za Afrika ya joto. Hata hivyo hamu tunayo. Kuna maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar (r.a.) ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto kuogelea, kulenga mshale na kupanda farasi. Na jamaa zetu walio Omani na Ghuba hurudi na hadithi za farasi wanavyoenziwa huko.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Anayekuzungusha ufuoni akiwa ameshika kamba anakuburudisha. Hiyo ni kazi ya halali, na ukitaka picha ya familia inatosha. Mwalimu ni mwingine. Ukikaa naye saa moja, unatoka ukiweza jambo ambalo asubuhi hukuliweza: kumsimamisha farasi, kumgeuza, au kushuka peke yako kwa salama. Kwetu huku walimu wa aina hiyo ni wachache kuliko Nairobi, upande wa Karen na Ngong. Uchache huo usitufanye tumpokee yeyote anayejitokeza. Ndiyo sababu ya kuuliza zaidi.

Jijue kwanza

Kabla ya kumtafuta mwalimu, jiulize unataka nini. Je, unataka utulivu wa kutembea na mnyama mwisho wa wiki? Unataka mwanao aje kushindana kuruka viunzi? Au unaondoa khofu ya zamani? Mwalimu anayewafaa vijana wa mashindano huenda akamchosha mama wa miaka 50 anayetaka kutembea polepole tu.

Utazame na mwili wako. Mwenye maumivu ya mgongo, magoti au presha amwulize daktari kwanza, kisha amwambie mwalimu bila haya. Uzito pia una hesabu yake. Kipimo kinachotumiwa sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, matandiko yakiwemo. Farasi wa kilo 450 basi mwisho wake ni kilo 90. Mwalimu asiyekuuliza uzito wako hamjali farasi wake, na asiyemjali farasi wake hatakujali wewe.

Njia za kufunza

Walimu hawafunzi namna moja. Nimekutana na njia nne, na walimu wazuri huzichanganya.

Ya kwanza ni ya kamba ndefu. Mwalimu husimama katikati, farasi huzunguka duara akiwa amefungwa kamba, na mwanafunzi hana kazi ya kuendesha. Kazi yake ni kukaa tu, ajifunze mizani. Katika chuo mashuhuri cha farasi cha Vienna, Austria, wanafunzi huanza hivyo kwa muda mrefu, bila kushika hatamu wala kutia miguu kwenye vikuku. Njia hii inamfaa sana mwenye khofu, kwa sababu mnyama yuko mkononi mwa mwalimu.

Ya pili ni ya kundi na amri. Wanafunzi watano au sita huzunguka uwanja, mwalimu akitoa sauti: geuka, simama, enda. Ni rahisi kwa bei na watoto hupenda kuwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba anayebaki nyuma haonekani. Mwanafunzi mpya kabisa ni bora aanze peke yake masomo machache, ndipo aingie kundini.

Ya tatu ni ya kuhisi mwili. Aliyeieneza sana ni Mmarekani Sally Swift, aliyetoa kitabu chake Centered Riding mwaka wa 1985. Yeye alihimiza pumzi, macho yaliyotulia na picha za akilini kuliko amri. Mwalimu wangu wa kwanza alinipigia kelele "Shusha visigino!" mpaka nikachoka, na visigino havikushuka. Wa pili aliniambia, "Jihisi kama kanzu iliyolowa kwenye kamba, uzito wote unavutwa chini." Visigino vikashuka vyenyewe.

Ya nne ni ya kuanzia chini. Siku za mwanzo hupandi kabisa. Unampiga brashi farasi, unamwongoza kwa kamba, unajifunza kusoma masikio yake. Unajifunza kwamba macho yake yako pembeni, kwa hivyo haoni vizuri kilicho nyuma yake kabisa wala kilicho mbele ya pua yake, na ukimjia upande huo ghafla atashtuka. Unajifunza pia kwamba farasi huelewa kwa kuachiliwa. Unambana kidogo kwa mguu, akisonga tu unalegeza. Usipolegeza, hajui kwamba amefanya sawa.

Ukiwa mtu wa kuelewa kwa maelezo, tafuta mwalimu anayeeleza sababu. Ukiwa mtu wa kuona, tafuta anayepanda mwenyewe akuonyeshe. Ukiwa na khofu, tafuta asiye na haraka. Usijilaumu kwamba wewe ni mzito wa kuelewa. Mara nyingi njia ndiyo haikukufaa.

Nenda ukatazame kabla ya kulipa

Omba kutazama somo la mtu mwingine. Mwalimu mwema hatakukatalia. Anza na farasi wenyewe. Je, mbavu zinahesabika? Kuna vidonda mahali tandiko linapokaa? Kwato zimepasuka? Maji yapo na kivuli kipo? Joto letu hapa si la mchezo, na farasi anayefanya kazi saa saba mchana bila maji anakwambia yote unayohitaji kujua kuhusu mwenyewe.

Kisha mtazame mwalimu. Kabla mtu hajapanda, je, anakagua mshipi wa tandiko kwa mkono wake? Analinganisha urefu wa vikuku na miguu ya mwanafunzi? Farasi akikosea, anamchapa kwa hasira? Xenophon, Myunani aliyeandika juu ya farasi karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, tayari alionya kwamba mnyama huyu asiendewe kwa ghadhabu. Watazame na wanafunzi wanaposhuka. Wakishuka wanazungumza na kumpapasa farasi, hiyo ni ishara njema. Wakishuka kimya macho chini, ondoka.

Maswali ya kuuliza

Umefunza muda gani, na nani alikufunza wewe? Cheti kinasaidia, mfano vile vya British Horse Society ya Uingereza, lakini cheti peke yake hakitoshi. Wapo masaisi waliokaa na farasi miaka 20 bila karatasi na wanafunza vizuri, na wapo wenye karatasi wasio na subira.

Nitampanda farasi gani? Jibu zuri ni "mtu mzima, mtulivu, aliyezoea wanafunzi." Farasi mchanga na mwanafunzi mpya hawafai kuwekwa pamoja.

Lini nitakwenda mbio? Anayekuahidi mbio siku ya kwanza anakuuzia picha. Kwanza utembee, usimame, ugeuke, tena na tena, ndipo uingie mbio ndogondogo.

Nikianguka, itakuwaje? Lazima awe na jibu: sanduku la huduma ya kwanza, simu, gari, hospitali gani. Aliyegonga kichwa harudi juu ya farasi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Na kofia ngumu iliyopigwa kishindo kikubwa hubadilishwa, hata kama ufa hauonekani.

Nalipaje? Lipa somo moja kwanza. Usinunue masomo kumi kwa mtu ambaye hujamjua.

Usalama na sitara

Kofia ngumu ya farasi ni lazima, nayo si ile ya pikipiki wala ya mjengo. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku ukanasa. Ndara ziache nyumbani.

Akina mama na mabinti wamekuwa wakiniuliza kuhusu hijabu. Inawezekana. Vaa mtandio mwembamba wa kubana chini ya kofia, bila pini na bila fundo nyuma, maana fundo huinyanyua kofia. Buibui refu linaweza kunasa kwenye tandiko. Kanzu fupi yenye mpasuo pembeni juu ya suruali pana kiasi inasitiri na inamwacha mtu apande. Mwambie mwalimu mapema kwamba hutaki kushikwa, akurekebishe kwa maneno. Ukipata mwalimu wa kike, ni kheri zaidi. Na mtoto, wa kike au wa kiume, asiachwe peke yake na mwalimu msiyemjua. Mzazi akae pale uwanjani, simu mfukoni.

Kubadilisha mwalimu si utovu wa adabu

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, na ni jambo jema. Lakini heshima haikulazimishi kubaki na anayekutukana, anayemlazimisha mtoto anayelia, au anayepuuza unapomwambia unaumia. Mpe masomo matatu au manne. Ikiwa baada ya hapo khofu yako imezidi badala ya kupungua, mshukuru, mlipe haki yake, uende. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Jembe ni jembe, sawa, lakini mwalimu hushika uhai wa mwanao.

Tulimpata mwalimu wa pili kwa kuuliza sana. Ni mama mmoja mkimya. Siku ya kwanza hakumpandisha mtoto. Alimpa brashi, akamwambia, "Mpige brashi, halafu uende nyumbani." Ya pili vilevile. Ya tatu pia, na mimi nikaanza kunung'unika juu ya pesa zangu. Ya nne, bintiyangu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Leo naweza kupanda?"

Sasa ana miaka 12. Kila akifika humpa farasi mkono anuse, kisha huvuta mshipi wa tandiko kuona kama umekaza, hata kama mwalimu ameshaukagua. Juzi alinikuta nimeshatia mguu kwenye kikuku, akanirudisha chini. "Baba, hujaangalia mshipi." Nilishuka, nikauangalia.