Mafunzo ya wahudumu wa baa dhidi ya unyanyasaji wa kingono

Mafunzo ya wahudumu wa baa dhidi ya unyanyasaji wa kingono ni somo fupi, aghalabu la saa chache, wanalopewa wauzaji wa kaunta, wahudumu wa meza, mabaunsa na mameneja ili wamtambue mteja anayeandamwa na kumtoa kwenye hatari mapema. Yalienea Amerika ya Kaskazini na Ulaya katika miaka ya 2010. Umma unayafahamu zaidi kupitia neno la siri "Angela", ingawa neno hilo ndilo sehemu nyepesi kuliko zote.

Chimbuko

Mafunzo ya awali ya baa yalihusu ngumi. Mjini Toronto, Kanada, watafiti walitunga programu ya Safer Bars iliyowafundisha wafanyakazi wa baa kubwa kutuliza ugomvi kabla chupa hazijaanza kuruka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kuwa vurugu za kupigana zilipungua katika baa zilizofunzwa, lakini mafanikio yalififia pale mameneja na mabaunsa walipobadilishwa mara kwa mara. Jambo hilo limezisumbua programu zote zilizofuata: anayefunzwa leo, mwezi ujao yuko baa nyingine.

Kati ya 2000 na 2002, katika utafiti huohuo, watazamaji waliojifanya wateja walifanya ziara zaidi ya 1,300 katika baa 118 za Toronto, kisha wakaandika kila walichokiona. Mwaka 2014 mtafiti Kathryn Graham na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Takriban robo ya matukio yote ya ukorofi yalikuwa ya kingono: kushikwa makalio, kubanwa ukutani, kung'ang'aniwa kucheza. Karibu yote yalifanywa na wanaume dhidi ya wanawake. Kilichowashtua wasomaji ni kwamba kiwango cha uvamizi hakikufuata ulevi wa mvamizi. Kilifuata ulevi wa yule aliyelengwa. Utetezi wa kale kwamba "pombe ndiyo iliyomtuma" ulikosa mashiko, kwa kuwa mtu aliyezidiwa kweli hana utulivu wa kuchagua meza ya kuiendea. Matokeo hayo yalitoa sababu ya kumtazama mhudumu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye akili timamu kuliko wote ukumbini, kama mlinzi.

Yanayofundishwa

Kipengele cha kwanza ni kuona. Mhudumu hufundishwa kumtilia shaka anayeagiza raundi mfululizo huku glasi yake mwenyewe haipungui, anayebadilisha oda ya mwenzake kutoka bia hadi pombe kali bila mwenyewe kusema neno, au anayesogeza kiti kila mara mwanamke anaporudisha chake nyuma. Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kufunga. Mwanamume anamkokota mwanamke asiyeweza kusimama na kumwambia baunsa, "Ni mke wangu huyu." Swali moja la upole, la jina la huyo mke, limewahi kuwatoa jasho wengi.

Kipengele cha pili ni kutenda, na hapa programu nyingi, ikiwemo Safe Bars iliyoanzia Washington, hufuata njia tatu: kukatiza, kumwita mwingine, au kumkabili mhusika ana kwa ana. Kukatiza ndiko kunakopendwa. Mhudumu anafika mezani na kitambaa, anaanza kufuta mahali palipo pakavu, anasema, "Samahani dada, kadi yako ya benki imebaki kaunta, njoo uitazame." Hakuna kadi. Ila hatua kumi za kutoka mezani hadi kaunta zinatosha kumuuliza kwa sauti ya chini kama yuko salama. Akisema ndiyo, anarudi na hakuna aliyeaibika. Akisema hapana, mlango wa nyuma upo na teksi inaitwa.

Kipengele cha tatu, kinachopewa muda mchache kuliko kinavyostahili, ni kumhudumia aliyekwisha kudhurika: asiachwe peke yake, asihojiwe kama mshitakiwa, asilazimishwe kwenda polisi.

Angela

Oktoba 2016 halmashauri ya Lincolnshire, Uingereza, ilibandika mabango vyooni. Yalimwambia mtu aliyekutana na mchumba wa mtandaoni na kuingiwa na hofu aende kaunta amuulizie "Angela". Wahudumu wangeelewa na kumtoa kimyakimya. Mpango huo, Ask for Angela, uliasisiwa na ofisa wa halmashauri hiyo, Hayley Child. Picha ya bango ilisambaa Twitter kwa siku chache, na jina, lenye mwangwi wa malaika, likavuka mipaka kwa kasi ambayo mafunzo hayakuweza kuifuata. Mwishoni mwa mwaka huohuo mji wa Münster, Ujerumani, ulianzisha wake, ambapo mwanamke huuliza kama Luisa yupo. Marekani ikawa na kinywaji cha kubuni, "angel shot": kikiagizwa kitupu, mhudumu humsindikiza mteja hadi kwenye gari, kikiagizwa na barafu, humwitia usafiri, kikiagizwa na ndimu, huita polisi.

Mjini London mpango ulipata msukumo mpya baada ya mauaji ya Sarah Everard, Machi 2021, ingawa yeye alitekwa njiani akirudi nyumbani na hakuwa baa. Mwaka 2024 waandishi wa BBC waliojifanya wateja walizunguka kumbi za jiji hilo zilizodai kushiriki na kumuulizia Angela. Katika zaidi ya nusu ya kumbi hizo hawakupata msaada uliotakiwa. Bango lilikuwepo; aliyesimama nyuma ya kaunta hakuwa amefundishwa. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ya Uingereza ilitangaza majaribio ya kuwafunza wahudumu hadi 10,000 kuhusu dawa zinazotiwa kwenye vinywaji.

Wakosoaji wameongeza hoja nyingine: neno la siri likishatangazwa dunia nzima, mvamizi naye analijua.

Barcelona

Mwaka 2018 jiji la Barcelona lilizindua utaratibu wa No Callem, yaani "Hatunyamazi", kwa kumbi za starehe. Kumbi zinazojiunga hutakiwa kufunza wafanyakazi, na kanuni yake kuu ni kwamba aliyeshambuliwa ahudumiwe kwanza, kumshughulikia mtuhumiwa kufuate. Aina hii ya utaratibu ilijulikana duniani kupitia kesi ya mwanasoka Dani Alves. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2022, wafanyakazi wa klabu moja ya usiku mjini humo walimweka pembeni mwanamke aliyekuwa akilia, aliyemtuhumu Alves kumbaka, na kuwaita polisi. Alves alihukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu Februari 2024. Mahakama ya rufaa ya Catalonia ilitengua hukumu hiyo Machi 2025.

Afrika Mashariki

Sheria zipo: Tanzania ina sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, Kenya ina yake ya 2006. Ugumu ni kwamba baamedi anayetarajiwa kumwokoa mteja mara nyingi ndiye anayeshikwashikwa na wateja, na mwenye baa humtazama mnunuzi kwanza. Nairobi, "kuwekewa mchele", yaani kutiliwa dawa kwenye kinywaji, huzungumzwa zaidi kuhusu wanaume wanaoleweshwa dawa na wanawake kisha kuibiwa. Tanzania kuna desturi kongwe kuliko mabango yote: bia hufunguliwa mbele ya mnywaji. Ikiletwa tayari imefunguliwa, hurudishwa, na mtu anayekwenda msalani hufunika chupa yake kwa kizibo, akisingizia nzi.