Kutoka Bwawa hadi Nguzo: Historia ya Uchujaji wa Athari za Kimazingira na Kijamii katika Usambazaji wa Umeme Vijijini nchini Burundi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uchujaji wa athari za kimazingira na kijamii katika sekta ya umeme nchini Burundi. Hoja yake kuu ni kwamba uchujaji ulibuniwa kwa kuzingatia miradi mikubwa, hasa mabwawa, na vipimo vyake vimeendelea kupima ukubwa wa mradi kuliko udogo wa shamba. Miradi ya kuunganisha umeme vijijini huleta madhara madogo yaliyotawanyika katika mashamba mengi, hivyo hupita kwenye chujio kwa urahisi. Makala yanapendekeza maswali manne ya kuongezwa katika fomu ya uchujaji.

1. Utangulizi

Musaga ni mtaa wa kusini mwa jiji la Bujumbura, mahali ambapo jiji linaanza kupanda kuelekea milima ya Mumirwa. Barabara ya taifa namba 7 hupita hapo ikielekea Ijenda. Kwa mwanahistoria wa nishati, mahali hapa ni pa kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndipo mtandao wa mjini unapokutana na vilima. Mjini, umeme umekuwa kazi ya REGIDESO, shirika la maji na umeme lenye asili katika utawala wa Wabelgiji. Vijijini, jukumu hilo limekabidhiwa taasisi nyingine, na tangu mwaka 2011 limekuwa mikononi mwa ABER, wakala wa kusambaza umeme vijijini.

Waya unapotoka mtaani na kuingia kilimani, jambo moja hubadilika kabisa. Mjini nguzo husimama kando ya barabara. Kilimani hakuna kijiji cha nyumba zilizopangana. Kila kaya huishi katika rugo lake, katikati ya migomba na mashamba yake. Nguzo haina budi kusimama katika shamba la mtu.

2. Umeme kabla ya uchujaji

Mitambo iliyoijenga historia ya umeme wa Burundi ilitangulia sheria za mazingira. Ruzizi I, inayotumia maji yatokayo Ziwa Kivu, ilianza kazi mwaka 1958, na Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, ikawa miongoni mwa miji iliyonufaika. Baada ya uhuru vilifuata vituo vya Mugere (1982, megawati 8), kusini mwa mji mkuu wa wakati huo, na Rwegura (1986, megawati 18), ambacho maji yake hutegemea msitu wa Kibira. Ruzizi II, mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Zaire kupitia kampuni ya SINELAC, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1989.

Haimaanishi kwamba serikali haikujali mazingira. Taasisi ya kitaifa ya kuhifadhi maumbile, INECN, iliundwa mwaka 1980. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumlazimu mwenye mradi kuuliza, kabla ya kuanza kazi, nani na nini kitadhurika. Utaratibu huo ulikuwa umeanza Marekani kwa sheria ya mwaka 1969, lakini ulizifikia nchi zetu hasa kupitia wafadhili. Benki ya Dunia ilitoa agizo lake la kwanza la tathmini ya mazingira mwezi Oktoba 1989, mwaka uleule wa Ruzizi II.

3. Chujio lilivyoundwa

Agizo hilo lilizaliwa katika mabishano makali kuhusu mabwawa makubwa, hasa la Sardar Sarovar katika bonde la Narmada nchini India. Si ajabu basi kwamba mantiki yake ikawa ya kupanga miradi kwa uzito: kundi A kwa miradi yenye madhara makubwa, B kwa ya kadiri, na C kwa isiyo na madhara ya kutajika. Mwaka 2001 sera ya kuhamisha watu kwa lazima, namba 4.12, iliongeza kipimo cha pili. Mpango kamili ulitakiwa. Lakini muhtasari uliweza kutosha iwapo walioathirika hawakufika 200, au iwapo madhara kwao wote yalikuwa madogo, yaani hakuna aliyehamishwa makazi na kila mmoja alipoteza chini ya asilimia 10 ya mali yake ya uzalishaji.

Burundi iliweka misingi yake katika Kanuni ya Mazingira ya tarehe 30 Juni 2000, na mwaka 2010 amri ya serikali ikafafanua utaratibu wa tathmini ya athari. Kanuni hiyo ilibadilishwa kwa sheria mpya mwaka 2021. Kwa hiyo mradi wa Jiji na Mulembwe, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2014 kwa ajili ya vituo viwili kusini mwa nchi, ulikuta sheria ya kitaifa na masharti ya mfadhili yakiwa tayari.

Miradi ya usambazaji ina tatizo lake. Siku ya kuidhinishwa, mahali nguzo zitakapopita huwa hapajajulikana. Badala ya tathmini kamili huandaliwa mwongozo wa jumla, na kila sehemu ya mradi huchujwa baadaye kwa fomu fupi inayojazwa kilimani. Uamuzi wote, kwa kweli, umo katika fomu hiyo.

4. Kilima na asilimia 10

Tuchukue mfano wa hesabu. Shamba la kaya nyingi za Burundi halizidi nusu hekta, yaani mita za mraba 5,000. Mkuza wa umeme wenye upana wa mita 10 ukikatiza shamba hilo kwa urefu wa mita 50, utachukua mita za mraba 500. Hiyo ni asilimia 10 kamili. Kwa mradi mzima, kipande hicho hakionekani. Kwa kaya hiyo, ni ukomo ambao sera yenyewe iliuweka.

Aidha, ardhi iliyo chini ya waya haichukuliwi yote. Matumizi yake ndiyo hupunguzwa. Maharage yataruhusiwa, lakini migomba mirefu na mikaratusi itakatwa. Mikaratusi michache ni akiba ya kaya: huuzwa mtoto anapougua au anapohitaji karo. Fomu inayouliza ukubwa wa eneo lililochukuliwa itajibiwa sifuri, na jibu litakuwa sahihi. Mfumo mpya wa Benki ya Dunia, uliotumika kuanzia Oktoba 2018, unahesabu vizuizi vya matumizi ya ardhi kuwa athari. Bado fomu za vilimani zinapaswa kuufuata.

Tanzania inatupa kioo. Baada ya operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970, kaya nyingi zilisogezwa kwenye vijiji vilivyopangwa, mara nyingi kando ya barabara. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini iliweza kufuata njia hizo. Fomu inayofaa huko haiwezi kuazimwa bila kubadilishwa kwa ajili ya rugo la Burundi.

5. Shamba ni la nani?

Swali zito zaidi ni la umiliki. Maelfu ya Warundi walikimbia nchi mwaka 1972 na tena baada ya 1993. Waliporudi, hasa baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wengi walikuta ardhi zao zikilimwa na wengine. Serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, mwaka 2006, na sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ikaruhusu hati kutolewa na ofisi za komuni.

Katika historia hiyo, kumwandika aliyekutwa shambani kuwa mlipwaji wa fidia ni kuingilia kesi ambayo pengine haijaisha. Malipo ya mgomba mmoja yanaweza kusomwa kesho kama ushahidi wa umiliki. Wanawake nao huwa pembeni: Burundi haina sheria ya mirathi, na kwa mila mwanamke hulima itongo la mume au la baba bila kuhesabiwa mmiliki. Anayepoteza mazao ni yeye. Anayetia sahihi ni mwingine.

6. Hitimisho na mapendekezo

Nchi ambayo karibu mtu 1 tu kati ya 10 ana umeme haiwezi kuucheleweshea mkulima mwanga kwa sababu ya makaratasi. Mradi wa SOLEIL, ulioidhinishwa mwaka 2020 kwa dola milioni 100 kwa ajili ya nishati ya jua vijijini, unaonyesha ukubwa wa juhudi zilizopo. Kwa sababu hiyo pendekezo letu ni fupi. Fomu ya uchujaji iongezewe maswali manne:

(a) Mkuza unagusa sehemu gani ya ardhi yote ya kaya, si ya mradi?
(b) Je, kuna mdai wa shamba hili aliye nje au aliyerudi, na bashingantahe wa kilima wanasemaje?
(c) Nani analima na kuvuna, na je, mwanamke huyo ameulizwa kwa Kirundi na kutia sahihi?
(d) Je, kaya iliyotoa nafasi ya nguzo itaunganishwa umeme?

Swali la mwisho halipo katika mantiki ya bwawa, kwani aliyehamishwa na bwawa hakutarajiwa kuwa mteja. Kwa nguzo, aliyeikubali shambani mwake na kubaki gizani amebeba gharama ya mwanga wa jirani. Maswali haya yanaweza kujibiwa kwa siku moja kilimani, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mgogoro mmoja wa ardhi kufikishwa mahakamani.